Gari liliuzwa, nauli ikahama mfuko: kisa cha kaya moja ya Dar es Salaam

## Kuhusu kisa hiki

Kaya inayoelezwa hapa inaishi Dar es Salaam, upande wa Barabara ya Morogoro. Wenyewe wameridhia kisa chao kitumike kufundishia. Majina hayatajwi, kazi zao zimeelezwa juu juu, na baadhi ya mambo ambayo yangewatambulisha yamebadilishwa. Fedha nimezikadiria kwenye maelfu ya karibu. Nitawaita Baba, Mama na Bibi, kama wanavyoitana nyumbani kwao. Mimi niliingia katikati ya safari, walipotafuta mtu wa kukaa nao na daftari la matumizi, maana kila mmoja alikuwa na hesabu yake na hesabu hizo hazikukutana.

Nimekichagua kwa sababu mazungumzo ya kuishi bila gari hapa mjini huishia kwenye ulinganisho mmoja tu: petroli dhidi ya nauli ya mabasi ya mwendokasi. Kwa ulinganisho huo gari hushindwa kila mara. Kaya hii nayo ilianzia hapo, ikauza, na miezi minne baadaye mume na mke walikuwa hawasemezani kwa ajili ya bajaji.

## Usuli

Nyumba ni yao, wameijenga wenyewe kidogo kidogo, ndani kutoka barabara kuu. Ndani maana yake hapa ni zaidi ya kilomita moja na nusu ya njia ya vumbi yenye mlima mmoja na mfereji mmoja usio na daraja la maana. Wanaishi watu sita: Baba, mwajiriwa katika ofisi moja ya katikati ya jiji, Mama, mwenye duka la vyakula vikavu mtaani, watoto watatu, mkubwa wa sekondari na wawili wa msingi, ambao mmoja ana pumu, na Bibi, mama mzazi wa Baba, mwenye presha na magoti yaliyochoka.

Gari lilikuwa Toyota IST ya namba D, iliyonunuliwa mkononi mwa mtu. Siku za kazi Baba alitoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, akawashusha wadogo shuleni, kisha akaingia kwenye foleni ya kwenda mjini. Jumamosi buti na viti vya nyuma vilijaa mchele, maharage na unga wa duka la Mama. Jumapili Bibi alipelekwa kanisani. Katikati ya hayo kulikuwa na kliniki ya Bibi, misiba, send-off, kumpokea mgeni stendi, na majirani wawili waliokuwa wakipata lifti ya asubuhi bila kuulizwa hata shilingi.

Jambo moja la usuli huu ndilo lililoamua yote yaliyofuata, na hakuna aliyelitaja siku ya kwanza: nani alilipa nini. Gari lilikuwa mzigo wa Baba peke yake. Petroli, fundi, maegesho, kuosha, bima, na zile faini za elfu thelathini za barabarani, vyote vilitoka kwenye mshahara wake kabla hajaacha hela ya matumizi nyumbani. Hela ya matumizi ilikuwa ya Mama, naye aliipangia chakula, gesi, umeme, maji na mahitaji madogo ya watoto. Usafiri haukuwamo kwa sababu haukuwahi kuhitajika kuwamo.

Baba alikadiria kwamba gari linamla kama shilingi 500,000 kwa mwezi. Nilipopitia naye, kadirio halikuwa baya. Mafuta ya kazini pekee yalikaribia 300,000, kwani lita moja ilikuwa imeshavuka shilingi 3,000 mwaka huo wa 2022, na foleni hunywa mafuta bila kukusogeza. Safari za wikiendi zilichukua kama 80,000. Gereji ilikuwa mwezi huu kitu, mwezi ujao kimya, lakini kwa wastani haikupungua 90,000. Kinachobaki ni maegesho na vidogo vidogo. Bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, ilikuwa 118,000 kwa mwaka mzima, kwa hiyo si yenyewe iliyoumiza. Ada ya mwaka ya leseni ya gari nayo ilifutwa tangu bajeti ya 2017/18 na mzigo wake kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta. Kwa utaratibu huo gari lililolala uani halidai kitu kikubwa serikalini, linadai linapotembea. Hoja hii itarudi, kwa sababu kuna wakati Mama aliuliza kwa nini gari lisingebaki tu kwa dharura.

## Yaliyotokea

Giaboksi ilianza kugoma katikati ya 2022. Fundi wao alitaja bei ya kubadilisha inayokaribia milioni mbili, spea iliyotumika, bila uhakika. Bei za mafuta zilizotangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, mwezi wa nane mwaka huo zikawa zimempa Baba hoja ya kumalizia. Walijadili mambo manne: kutengeneza, kukopa SACCOS wanunue gari jipya kidogo, kununua pikipiki, au kuuza na kuacha. Pikipiki ilikataliwa na Bibi kwa sentensi moja na hakuna aliyembishia. Mkopo ulikataliwa na Mama, maana wa zamani ulikuwa haujaisha.

Waliuza mwezi wa tisa, kupitia dalali, kwa milioni saba na kidogo. Karibu nusu ilimaliza deni la SACCOS. Iliyobaki ililipa ada za muhula na kupiga plasta upande wa mbele wa nyumba. Hakuna hata shilingi iliyotengwa kwa ajili ya usafiri. Mantiki ilikuwa kwamba mshahara wa Baba sasa umeachiwa laki nne na zaidi kila mwezi, usafiri utajilipa wenyewe.

Miezi ya mwanzo ilikuwa ya kiangazi, na kwa Baba ilikuwa raha. Alichukua boda hadi kituoni au akatembea, akapanda mwendokasi, akashuka karibu na ofisi. Mfumo huo, ulioanza kubeba abiria mwezi Mei 2016 kati ya Kimara na mjini, una njia zake pekee, na hapo ndipo faida ilipo: basi likishaondoka haligombei barabara na mtu. Kusubiri na kusukumana kituoni ni habari nyingine, lakini hata ukijumlisha na hayo alifika kwa muda wa saa moja hivi, wakati gari lilimla saa moja na nusu, siku mbaya mbili. Nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa chini ya shilingi 2,000. Alipungua tumbo. Alianza kusoma magazeti kwenye simu badala ya kugombana na madereva wa malori pale Ubungo. Majirani waliuliza kwa adabu, “Gari liko gereji bado?” na baada ya wiki kadhaa wakaacha kuuliza.

Kwa Mama mambo yalikuwa mengine. Shule ya wadogo iko kilomita kama sita kutoka nyumbani, na haiko upande wa mwendokasi. Waliichagua enzi za gari kwa sababu ilikuwa njiani kwa Baba, ambaye alikuwa na namna yake ya kukata mitaa asubuhi. Gari la shule lilipita mbali na lilidai fedha za muhula mzima kwa pamoja. Akaanza na boda, watoto wawili nyuma ya dereva mmoja, mshikaki kama tuuitavyo. Wiki ya tatu boda iliteleza kwenye mchanga. Watoto walichubuka magoti, si zaidi, lakini Mama akahamia kwenye bajaji ya mkataba wa mwezi. Mzigo wa duka ukaanza kupanda kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kutoka sokoni, na mwenye kirikuu anatoza safari hata kama umebeba magunia mawili. Kliniki ya Bibi ikahitaji bajaji ya kwenda na kurudi, na kusubiri kunalipiwa.

Yote hayo yalitoka kwenye hela ya matumizi, ambayo haikuongezwa. Mama alipunguza kwanza nyama, kisha akaanza kuchota kwenye mtaji wa duka. Mwezi wa kwanza wa 2023, shule zilipofunguliwa na ada zikadaiwa, ikalipuka. Baba alisema haelewi fedha zinakwenda wapi ilhali gari halipo. Mama akajibu, na hili walinisimulia wote wawili kwa maneno yaleyale: “Baba, wewe umeuza gari, mimi ndiye ninayelipa nauli.”

Baba, kwa upande wake, hakuwa ameficha kitu. Laki nne zake zilikuwa zimemeguka kwenye michango ya harusi na tofali za ukuta, matumizi ambayo nyumba nzima ilikuwa ikiyaona. Ila hakuwa amewahi kujumlisha nauli za wengine kwa sababu hakuwahi kuzilipa.

Masika ya 2023 yakaongeza mawili. La kwanza ni la jiji zima: mvua ikizidi, Mto Msimbazi hufurika pale Jangwani, barabara hufungwa, na mwendokasi wa kwenda mjini hukatika kiunoni. Siku hizo Baba alifika ofisini kwa kuungaunga daladala kwa njia za mzunguko. La pili ni la njia yao ya ndani. Tope likikolea, boda ya elfu moja inakuwa ya elfu mbili, na bajaji nyingi zinakataa kabisa kushuka ule mlima.

Usiku mmoja wa mvua, saa nane, mtoto mwenye pumu alibanwa. Pampu ya dawa haikumtuliza. Mama aliita gari kwa programu ya simu. Dereva alikubali, akapiga simu kuuliza ni wapi hasa, akaelezwa, akaghairi. Wa pili vilevile. Bajaji ya mkataba haikupokea simu. Baba akatoka na mwavuli kugonga geti la jirani, mmoja wa wale waliokuwa wakipewa lifti, naye akatoka na gari bila maneno. Walifika hospitali, mtoto akawekewa mashine ya mvuke wa dawa, asubuhi akarudi nyumbani mzima.

Baada ya usiku huo Mama alisema anataka gari, lolote, hata bovu, likae uani.

## Maamuzi waliyofanya na sababu zake

Kikao kilifanyika mwezi wa tano, na mimi nikiwepo. Tuliandika safari zote za mwezi mmoja, za kila mtu, pamoja na mizigo. Ikaonekana kwamba nyumba ilikuwa ikitumia kama 340,000 kwa usafiri: Baba 80,000, Mama 190,000, na 70,000 za dharura na safari za hapa na pale. Akiba ya kweli ilikuwa laki moja na nusu, wakati Baba aliishi akiamini ni laki nne na ushee.

Ombi la Mama la gari la dharura lilichukua muda mrefu kuliko mengine yote, na lilistahili. Kwa karatasi, gari la kukaa uani lingegharimu bima tu. Kwa uhalisia, mafundi wote watakwambia gari lisilotembea hufa betri, hukauka mipira, na matairi huoza yamesimama; na gari lililopo halikai. Likishakuwa uani litaombwa kwa msiba, litakwenda sokoni, na baada ya mwezi Baba atalitoa siku moja ya mvua kwenda kazini. Mama mwenyewe ndiye aliyelisema hilo la mwisho, akicheka. Waliamua kutonunua, lakini kwa sharti kwamba suala la usiku lipatiwe jibu kabla kikao hakijafungwa.

Jibu lilikuwa watu watatu. Dereva mmoja wa teksi anayelala mtaa wa pili, mwenye gari lenye tairi za kupita kwenye tope, alikubali kuamshwa saa yoyote kwa bei iliyopangwa mapema, juu ya ile ya kawaida, na apewe kazi zote za mchana za Bibi ili mapatano yawe na faida kwake. Kijana wa bajaji anayelala jirani akawa wa akiba. Jirani mwenye gari akawa wa mwisho, na Baba akaanza kumchangia mafuta ya asubuhi siku anazopanda naye, kwa uwazi, si kwa kuviziana. Namba za wote watatu zimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito ukutani, kwa sababu simu ya Mama iliwahi kuzima chaji. Mpango huu si mgeni nchini. Huduma ya m-mama, kwa namba 115, inayobeba wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wenye dharura, nayo hutumia madereva wa kawaida wa mitaani pale ambapo gari la wagonjwa halipo, na hulipa kwa simu. Kaya hii ilijitengenezea kipande chake kidogo cha mpango huo.

Uamuzi wa pili ulihusu fedha. Laini ya simu ya zamani ya mtoto mkubwa ikageuzwa kuwa mfuko wa usafiri. Baba huweka humo 350,000 siku ya mshahara kabla ya kitu kingine chochote, na nauli zote, zake na za wengine, hutoka humo. Mzigo wa duka ukaondolewa. Duka linalipa kirikuu lenyewe. Hili lilimuuma Mama kidogo, kwa sababu lilionyesha kwamba faida ya duka kwa miaka yote ilikuwa imebebwa na buti la IST. Bei za mchele zilibidi zipande kwa kiasi fulani, na akaanza kununua na wenzake wawili wa mtaa ili kirikuu kije kimejaa.

Uamuzi wa tatu ulisubiri Januari 2024: wadogo walihamishiwa shule iliyo ndani ya mwendo wa mguu. Si shule yenye jina kama ile ya kwanza. Baba alipinga karibu mwaka mzima, akiona kama watoto wanaadhibiwa kwa kukosekana gari. Kilichomlainisha ni mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023, zilizoifunga Jangwani tena na tena, na bajaji ya shule ikashindwa kufika nyumbani mara nyingi mno kiasi cha watoto kukosa mitihani ya majaribio.

## Matokeo

Hadi nilipokutana nao mara ya mwisho, mwishoni mwa 2024, walikuwa wamemaliza zaidi ya miaka miwili bila gari na hawakuwa na mpango wa kununua. Matumizi ya usafiri ya nyumba yalikuwa yameshuka hadi kama 240,000 kwa mwezi, ukiondoa duka, yaani akiba ya kama laki mbili na nusu ukilinganisha na zile 500,000 za enzi za gari. Ugomvi wa nauli umekwisha. Mfuko hubaki na salio miezi mingi, na salio hilo halirudi kwa Baba, linasubiri masika.

Mtoto mkubwa, ambaye hakuna aliyemfikiria katika mpango wowote, ndiye aliyebadilika zaidi. Anapanda daladala kwa nauli ya mwanafunzi, anajua jiji, na makonda wanaowakwepa wanafunzi hawamsumbui tena kwa sababu amejifunza kituo gani asimame. Zamani alikuwa akishushwa na kuchukuliwa kama kifurushi. Mama bado hapendi afike nyumbani baada ya magharibi.

Safari za Morogoro, kwa wazazi wa Mama, zilikuwa hofu kubwa kabla ya kuuza na zikawa jambo dogo. Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis iko upande wao wa jiji, hivyo basi la mkoani halikuwa mbali. Treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria kwenda Morogoro mwezi Juni 2024, kwa nauli ya 13,000 na safari ya chini ya saa mbili, walihamia huko, ingawa inabidi kwanza warudi nyuma hadi mjini kuipanda. Bibi huipenda kuliko IST, maana anaweza kunyoosha miguu.

Siku ya msiba bado ni ngumu. Mtu asiye na gari hapangiwi kazi ya kubeba jeneza wala wazee, na Baba, aliyezoea kuwa wa kwanza kupigiwa, sasa anachangia fedha na kufika na coaster ya wote. Anasema amepumzika. Mkewe anasema si kweli, na mimi namwamini mkewe.

## Uchambuzi

Kosa la msingi la mwanzo halikuwa kuuza. Kwa giaboksi ile na deni lile, sioni uamuzi mwingine wa busara. Kosa lilikuwa kuhesabu gari kama chombo cha Baba cha kwenda kazini, kwa sababu ndiye aliyelipa na ndiye aliyeshika usukani. Ukiiangalia orodha ya safari, kazini kulikuwa sehemu rahisi kuliko zote kubadilisha: njia moja, saa moja, mtu mmoja asiye na mzigo, na mwendokasi upo. Vilivyobaki, yaani watoto, magunia, mgonjwa na mzee, ndivyo vigumu, na karibu vyote huangukia mikononi mwa mwanamke. Gharama ilihama kutoka mfuko mkubwa unaojazwa mara moja kwa mwezi kwenda mfuko mdogo unaochotwa kila siku. Nimeona kaya nyingine zikirudi kununua gari kwa mkopo kwa sababu hiyohiyo, zikisema “usafiri wa umma hauwezekani”, ilhali kilichowashinda ni mpangilio wa fedha ndani ya nyumba. Ningemshauri yeyote anayefikiria kuuza aandike kwanza safari za mwezi mzima za kila aliyemo ndani, na aanze na yule asiyeshika usukani.

Mfuko wa usafiri ulifaulu kwa sababu mbili. Ulifanya gharama ionekane na wote, na ulikatwa mapema. Laki nne zilizoachiwa huru kwenye mshahara hazikai bila kazi. Zilipata michango na tofali ndani ya mwezi wa kwanza. Kama sehemu ya milioni saba ingewekwa kando tangu siku ya mauzo, ugomvi wa Januari usingekuwepo, na mtaji wa duka usingeguswa. Hapa naweka lawama kidogo kwa plasta, iliyoonekana na wageni na kwa hiyo ikapewa kipaumbele.

Lakini mfuko haukupunguza safari, uliziratibu tu. Punguzo kubwa lilitoka kwenye shule. Nyumba zetu za pembezoni hujengwa mahali kiwanja kilipopatikana, kisha shule, soko na kanisa huchaguliwa kwa mbali, na gari ndilo linaloshona vipande hivyo. Uking'oa uzi, vipande vinaachana. Kaya hii ilijaribu mwaka mzima kununua uzi mwingine, bajaji hapa, boda pale, kabla ya kukubali kusogeza vipande. Wangeanza na shule wangeokoa fedha nyingi na magoti ya watoto. Hata hivyo siwezi kusema kirahisi kwamba Baba alikosea kusitasita. Shule ya zamani ilikuwa nzuri zaidi, na matokeo ya watoto hawa bado yako mbele. Kama yatashuka, hiyo nayo ni gharama ya kuishi bila gari, na haipo popote kwenye zile 240,000.

Programu za simu zilishindwa usiku uleule zilipohitajika, na si kwa ubaya wa dereva. Anayepewa bei ya umbali hana sababu ya kuingiza gari lake kwenye tope saa nane usiku kwa abiria asiyemjua. Mapatano na mtu wa mtaani yalifanya kazi kwa kuwa yalimlipa mchana pia. Wengi huandika namba za madereva kwenye simu na kudhani wamejipanga; dereva usiyempa kazi mchana hana deni nawe usiku. Jirani alifungua geti kwa sababu ya lifti za miaka mingi, na hapo kuna tatizo ambalo kaya hii haijalimaliza. Akiba ile ya hisani iliwekwa wakati wakiwa na gari. Kuchangia mafuta kunasaidia, ila kaya inayoanza maisha mtaani bila gari haina akiba hiyo, na kwa hiyo haitakiwi kuiga mpango huu ikimtegemea jirani.

Njia ya ndani imerudi mara nyingi mno katika kisa hiki kuwa bahati mbaya. Kilomita ishirini na ushee za mwendokasi wa awamu ya kwanza zimewekewa zege, taa na njia za pekee, nalo jiji likapata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya 2018 kwa kazi hiyo. Kilomita moja na nusu iliyobaki hadi mlangoni ndiyo iliyokula zaidi ya nusu ya nauli ya Baba na ndiyo iliyomgharimu mtoto usiku ule. Wakazi wa mtaa walichangishana mara moja wakamwaga kifusi kwenye mlima. Kifusi kilidumu masika moja, na kwa masika hiyo boda haikupanda bei. Kwa fedha walizotoa, sijui matumizi bora zaidi ya hayo katika kisa kizima.

Limebaki la Bibi, ambalo daftari lilituficha hadi mwisho. Kliniki zake zote zimo, zimelipiwa, hakukosa hata moja. Kanisani hayumo. Kuanzia gari lilipouzwa aliacha kwenda Jumapili, kisha jumuiya ya kanisa mtaani, kisha misiba ya mbali, kila mara akisema magoti. Hakutaka kuwa mtu wa kuitiwa bajaji. Sisi tuliandika safari zilizofanyika na nauli zilizolipwa. Safari ambayo mtu ameamua kutoifanya haina risiti, na kwenye hesabu inaonekana kama akiba. Sehemu ya zile laki mbili na nusu wanazookoa kila mwezi ni Jumapili za Bibi.

Mama ndiye aliyegundua, alipoona vitenge vya kanisani havifuliwi. Kuanzia mwezi wa kumi 2024 mfuko una fungu la Bibi, Jumapili mbili kwa mwezi na jumuiya mara moja, na fedha hizo haziruhusiwi kuhamia kwingine hata zisipotumika. Jumuiya yenyewe imekubali kukutana nyumbani kwao kila baada ya muda. Ameshakwenda kanisani mara kadhaa. Analalamika kwamba bajaji inamrusha kwenye mashimo na mgongo unauma hadi Jumanne, kwa hiyo sasa Baba anazungumza bei na yule dereva wa teksi, ambaye Jumapili asubuhi ana wateja wengine na anataka alipwe zaidi.